Derry Girls: matukio yake yana ukweli kiasi gani?

Binti Makame

Wakuu, salaam. Nimemaliza misimu miwili ya Derry Girls, ile komedi ya televisheni ya Erin na rafiki zake wa mji wa Derry, Ireland ya Kaskazini, miaka ya 1990, na kuna mambo yananipita. Kwenye sehemu ya kwanza kabisa limewekwa bomu darajani, lakini kinachomsumbua mama yake Erin ni watoto wasije wakakosa shule wakamshindia nyumbani, na mama mdogo Sarah analalamikia miadi yake ya saluni. Wanajeshi wenye bunduki wanapanda basi la shule na hakuna anayeshtuka.

Naomba wanaoijua historia ile wanisaidie. Ugomvi wenyewe ni wa dini kweli? Kwa nini mji una majina mawili? Yale matukio yalitokea, na yamefuata tarehe zake? Na nasikia msimu wa tatu unaishia kwenye kura, ni kura ya nini? Mkinieleza mwisho wake sitakasirika, nataka kuelewa ninachokitazama.

Mzee wa Kumbukumbu

Dada Binti Makame, umeuliza vizuri, maana watu wengi huitazama kwa ajili ya kucheka tu, ikawapita nusu yake.

Mwandishi wake, Lisa McGee, amezaliwa Derry mwaka 1980 na kusoma Thornhill College, shule ya wasichana ya Kikatoliki. Our Lady Immaculate ya kwenye komedi haipo, ila imechorwa kutokana na Thornhill. Kwa hiyo miaka ile ya kati ya 1990 alikuwa na umri wa akina Erin. Watoto wa rika lake walizaliwa wakawakuta wanajeshi mtaani. Jeshi la Uingereza liliingia Derry tarehe 14 Agosti 1969 na operesheni yake Ireland ya Kaskazini haikufungwa rasmi hadi 31 Julai 2007. Mtoto aliyezaliwa humo hashtuki kuona bunduki kwenye basi. Angeshtuka siku isipokuwepo.

Kuhusu dini: hakuna anayebishana pale juu ya Bikira Maria au Papa. Mkatoliki na Mprotestanti ni alama za kambi mbili. Waprotestanti wengi ni wazao wa walowezi kutoka Uskoti na England waliopewa ardhi ya wenyeji karne ya 17, nao wanataka kubaki chini ya Uingereza. Wakatoliki wengi wanajihesabu Waairishi na wangependa kisiwa kiwe nchi moja. Ireland ilipogawanywa mwaka 1921, kaunti 6 za kaskazini zilibaki Uingereza kwa sababu kwa jumla Waprotestanti walikuwa wengi humo. Lakini mji wa Derry wenyewe ulikuwa na Wakatoliki wengi, tena uko kilomita chache tu kutoka mpakani. Tatizo la pale lilianzia hapo.

Jina: mwaka 1613 mfalme aliwakabidhi wafanyabiashara wa London mji huo waujenge upya. Wakauzungushia ukuta, ukakamilika 1619 na umesimama mpaka leo, na mji ukaongezewa London mbele ya jina lake. Halmashauri ilijibadili jina ikawa ya Derry mwaka 1984, lakini Mahakama Kuu ilisema mwaka 2007 kwamba mji wenyewe kisheria bado ni Londonderry. Ukiona kibao cha barabarani kimepakwa rangi nusu ya kwanza ya jina, ujue sababu.

Sasa shika hesabu hii, kwa maana bila hiyo huwezi kuelewa kwa nini watu waliingia barabarani. Miaka ya 1960 halmashauri ya mji ilikuwa na kata tatu. Takwimu za wapiga kura za mwaka 1967, zilizomo kwenye ripoti ya tume ya serikali ya 1969, ni hizi: Kata ya Kusini ilikuwa na Wakatoliki 10,047 na wengine 1,138, ikatoa madiwani 8. Kata ya Kaskazini ilikuwa na Wakatoliki 2,530 na wengine 3,946, nayo ikatoa 8. Kata ya Waterside, Wakatoliki 1,852 na wengine 3,697, ikatoa 4. Jumlisha: Wakatoliki 14,429 wanapata madiwani 8, na wengine 8,781 wanapata 12. Mipaka ya kata ilichorwa kwa kusudi hilo.

Halafu kura ya halmashauri haikuwa ya kila mtu mzima. Ilikuwa ya mwenye nyumba au mpangaji mkuu pamoja na mwenzi wake. Kijana wa miaka 28 anayeishi kwa wazazi hakuwa na kura, ilhali kampuni iliweza kuteua wapiga kura wa ziada hadi sita. Ina maana kumpa mtu nyumba ya halmashauri ni kumpa kura. Ukiwapa Wakatoliki nyumba kwenye Kata ya Kaskazini, vile viti vinane vinayumba. Kwa hiyo walisongamanishwa Kusini, mitaa ya Bogside na Creggan, familia juu ya familia. Watu walipoandamana Duke Street tarehe 5 Oktoba 1968, madai yao yalikuwa nyumba, kazi na kura moja kwa kila mtu. Polisi waliwapiga virungu mbele ya kamera za televisheni.

Agosti 1969 Bogside ikapigana na polisi siku tatu, ndipo jeshi likaletwa. Tarehe 30 Januari 1972 wanajeshi wa miavuli waliwapiga risasi waandamanaji hapo hapo Bogside, 13 wakafa siku hiyo na mmoja baadaye. Uchunguzi wa kwanza, wa mwaka huo huo, uliwasafisha wanajeshi. Wa pili ulianza 1998 na kutoa ripoti 15 Juni 2010: waliouawa hawakuwa tishio kwa mtu. Waziri Mkuu David Cameron aliomba radhi bungeni siku hiyo, na umati ulikuwa unamsikiliza kwenye skrini kubwa Guildhall Square, uwanja ule ule unaouona kwenye komedi Rais Clinton wa Marekani anapokuja.

Wazazi wa akina Erin ni kizazi cha 1972. Ukimtazama babu Joe au Mary, mama yake Erin, wanavyonyamaza ghafla taarifa ya habari inapoanza, kumbuka hilo.

Fundi Saa

Mzee amemaliza siasa, mimi niongeze upande wa mabomu, kwa sababu komedi imeuonyesha kwa usahihi kuliko watu wanavyodhani.

Ile sehemu wanayokwenda Belfast kwenye tamasha la Take That, sanduku la Michelle, rafiki yake Erin, lenye chupa za vodka linakosa mwenyewe ndani ya basi, abiria wote wanashushwa na jeshi linalilipua. Utaratibu ulikuwa hivyo hasa. Mzigo usio na mwenyewe haufunguliwi kwa mkono. Eneo linaondolewa watu, kisha linapelekwa roboti dogo lenye minyororo kama ya kifaru, linaloongozwa kwa mbali. Lilibuniwa mwaka 1972 na ofisa wa jeshi, Peter Miller, akianza na fremu ya toroli la umeme la bustani, na ndiyo maana wanajeshi waliliita Toroli.

Roboti hubeba bomba fupi linalorusha maji kwa nguvu ya baruti. Maji yale yanapasua mzigo na kutawanya betri, nyaya na kiwashio kabla umeme haujafika kwenye kilipuzi. Mlio unaousikia kwa kawaida ni wa lile bomba, si wa bomu. Na kama ndani mlikuwa na vodka, imemwagika yote.

Kuhusu bomu la darajani: Derry imekatwa katikati na mto Foyle. Wakati wa hadithi ile yalikuwepo madaraja mawili tu, Craigavon la mwaka 1933 lenye barabara mbili, moja juu ya nyingine, na Foyle la 1984. Simu moja ya tahadhari ikitaja daraja, nusu ya mji haifiki kazini wala shuleni. Kwa hiyo Mary kulifikiria kama foleni si ukatili wa moyo, ndivyo siku ilivyokwenda.

Upekuzi wa magari nao ulikuwa na sababu. Tarehe 24 Oktoba 1990, kwenye kizuizi cha Coshquin nje kidogo ya Derry, IRA, kundi la siri lililopigana kuitoa Uingereza Ireland, ilimlazimisha raia kuendesha gari lenye bomu mpaka kwa wanajeshi huku familia yake imeshikwa mateka. Alikufa yeye na wanajeshi 5. Baada ya hapo askari wa kizuizini hakumwamini dereva yeyote, hata kama ni wa basi la shule.

Kitu kimoja zaidi. IRA mara nyingi ilipiga simu kutoa tahadhari ikitumia neno la siri ambalo polisi walilijua, ili wasiipuuze kama utani. Mfumo huo ulikuwa na udhaifu wa kutisha: simu ikichelewa, au ikitaja mahali isivyo sawa, inaua. Omagh, tarehe 15 Agosti 1998, kundi lililojitenga na IRA kwa kupinga amani lilitoa tahadhari iliyoelekeza mahakamani. Polisi wakawaondoa watu kule na kuwasogeza chini ya barabara, kumbe gari lenye bomu liko huko. Walikufa 29. Hiyo ilikuwa miezi mitatu baada ya kura unayoiulizia, kwa hiyo haimo kwenye komedi, lakini mtazamaji wa Derry anaijua anapotazama ile furaha ya mwisho.

Binti Makame

Ahsanteni sana. Ile hesabu ya kata imenifungua macho. Na ule ubao wanaoandika tofauti za Wakatoliki na Waprotestanti kwenye mkutano wa vijana wa pande mbili, ni utani mtupu?

Kitabu Wazi

Ule ubao sasa uko jumba la makumbusho la Ulster, Belfast, tangu 2019. Ni kifaa cha kuigizia lakini wameuhifadhi kwa heshima, na mimi naona wamefanya vyema.

Mikutano ya namna ile ilikuwepo kweli: vijana wa pande mbili wanapelekwa mahali kwa siku mbili tatu, kuna michezo ya kamba na miamba, kuna kiongozi anayewaambia wataje wanachofanana. Sababu ni kwamba watoto walisoma mbalimbali tangu chekechea. Shule ya kwanza iliyoanzishwa makusudi kuwachanganya, Lagan College, ilifunguliwa mwaka 1981, na mpaka leo wanafunzi wa shule za mchanganyiko hawajafika hata asilimia 10. Kijana wa Derry angeweza kufika miaka 16 bila kuongea na wa upande wa pili, kwa hiyo anachojua ni uvumi: wale huficha tosta kabatini, wale wana madoadoa usoni, wale hawapendi ABBA. Safu ya tofauti inajaa, ya mfanano inabaki tupu, mpaka vurugu inapozuka na wazazi wa pande zote wanaitwa. Angalia jinsi wanavyowafokea watoto wao kwa sauti ile ile, kisha uone neno linaloandikwa ubaoni.

Jambo la pili, kwa wasomaji wa Kenya. Jenerali Frank Kitson, aliyeongoza brigedi ya jeshi Belfast kuanzia 1970 hadi 1972, alikuwa ofisa kijana Kenya wakati wa Hali ya Hatari, akapata nishani kwa kazi ya kuunda magenge bandia yaliyowageuza Mau Mau waliokamatwa wakawawinda wenzao. Aliandika kitabu juu ya mbinu hizo mwaka 1960, na Belfast kukawa na kikosi cha siri cha wanajeshi waliovaa kiraia, waliozunguka na magari ya kawaida.

Kuweka watu kizuizini bila kesi nako kulitumika Kenya na Ireland ya Kaskazini pia. Kule, katika ugomvi huu, kulianza 9 Agosti 1971 na mpaka kufikia Desemba 1975 walikuwa wamefungwa watu 1,981, kati yao Waprotestanti 107 tu. Badala ya kuzima moto kukauchochea: taarifa zilizotumika zilikuwa kuukuu, walikamatwa wazee na watu wasiohusika, na kila nyumba iliyovunjwa mlango alfajiri ilizaa vijana wa kujiunga na IRA. Maandamano ya 30 Januari 1972 yaliyotajwa hapo juu yalikuwa ya kupinga kizuizi hicho hicho.

Na Sister Michael, yule sista mkuu wa shule ya akina Erin? Waliopitia shule za masista Kenya watamtambua bila kuelezwa. Masista wa Loreto walifika Kenya mwaka 1921 wakitoka Ireland, na mtindo wao wa kuendesha shule ni tawi la mti ule ule.

Mchana Kweupe

Nami nijibu la kura, kwa sababu ndilo moyo wa sehemu ya mwisho.

Tarehe 10 Aprili 1998, Ijumaa Kuu, vyama vingi vya Ireland ya Kaskazini pamoja na serikali za London na Dublin zilikubaliana. Tarehe 22 Mei wananchi wakaulizwa: ndiyo au hapana? Kijitabu cha makubaliano kilipelekwa kila nyumba, na ndicho kile unachokiona familia ya Erin ikihangaika kukielewa. Kuhangaika kwao ni halali, kwani kimeandikwa kwa lugha ya wanasheria. Mambo yenyewe ni haya: Ireland ya Kaskazini inabaki Uingereza mpaka wengi wa wakaazi wake waamue vingine kwa kura. Kila mzaliwa anaruhusiwa kujihesabu Muairishi, Muingereza au vyote viwili. Bunge la viti 108 linaundwa, na serikali yake lazima iwe ya pande zote: Waziri wa Kwanza na naibu wake wana mamlaka sawasawa, mmoja akijiuzulu mwenzake naye anaanguka. Silaha zikabidhiwe. Polisi ifanyiwe mageuzi. Na wafungwa wa makundi yaliyositisha mapigano waachiwe ndani ya miaka miwili.

Hilo la mwisho ndilo lililopasua familia. Komedi imelitoa kwa Michelle: ana kaka yake gerezani, Niall, aliyeua mtu, na mpaka sehemu ya mwisho hatujawahi kumsikia akimtaja. Erin anasita kuwaachia watu kama yeye, Michelle anaumia, wanakosana. Hakuna anayetangazwa mshindi wa ubishi huo, na sioni jinsi ambavyo mwandishi angeweza kufanya vingine. Katika maisha halisi waliachiwa zaidi ya 400, wengi wao kufikia Julai 2000. Kuna mjane aliyekutana sokoni na muuaji wa mumewe. Kuna pia mama aliyempata mwanawe. Walipiga kura kwenye kituo kimoja.

Matokeo: Ireland ya Kaskazini ndiyo asilimia 71.1, waliojitokeza asilimia 81. Jamhuri ya Ireland ilipiga yake siku hiyo hiyo, ndiyo asilimia 94.4. Usidhani Waprotestanti wote walifurahi, wao waligawanyika karibu nusu kwa nusu.

Mtu wa kumkumbuka hapa ni John Hume, mzaliwa wa Derry, mwalimu aliyeanza kwa kuunda chama cha akiba na mikopo mjini hapo mwaka 1960 ili maskini wasikamuliwe na wakopeshaji. Yeye ndiye aliyekubali kuzungumza na Gerry Adams wa Sinn Féin, chama cha kisiasa cha upande wa IRA, tangu 1988, akatukanwa na pande zote, na mwaka 1998 akapewa Nobeli ya Amani pamoja na David Trimble wa upande wa Waprotestanti.

Kosa la mfumo lilijitokeza baadaye: kwa kuwa kila upande unaweza kuangusha serikali kwa kutoka, Bunge limelala mara kadhaa, 2002 hadi 2007, 2017 hadi 2020, na 2022 hadi Februari 2024. Lakini risasi hazikurudi mitaani kama zamani, na mimi kwangu hilo ni kubwa kuliko yote.

Fundi Saa

Kuhusu tarehe, Binti Makame, hili uliuliza likasahaulika. Usiitumie komedi kama kalenda. IRA ilisitisha mapigano 31 Agosti 1994, na Clinton alifika Derry 30 Novemba 1995. Msimu wa pili unavisogeza viwe karibu karibu, ilhali kati yake kuna miezi 15. Kisha tarehe 9 Februari 1996 IRA ikalipua Canary Wharf, London, na usitishaji ukavunjika hadi 20 Julai 1997. Kipindi hicho kigumu komedi inakiruka.

Taarifa ya bomu inayowanyamazisha watu wazima mwishoni mwa msimu wa kwanza, wakati vijana wanacheza jukwaani, haitaji mahali. Imetungwa, usiitafute kwenye orodha ya matukio.

Sehemu ya tarehe 12 Julai ni ya kweli kwa maana ya desturi: Waprotestanti husherehekea ushindi wa 1690 wa William wa Orange, na Wakatoliki wengi wenye uwezo huvuka mpaka kwenda Donegal kukwepa ngoma. Lakini kwa Derry yenyewe gwaride zito ni la Agosti, la kukumbuka mji kuzingirwa siku 105 mwaka 1689. Ndilo lililowasha mapigano ya Bogside 1969.

Mzaha wa sauti ya Gerry Adams kuigizwa na mtu mwingine nao si wa kubuni. Kuanzia 1988 serikali ilipiga marufuku sauti za Sinn Féin na makundi mengine kurushwa hewani, vituo vikawa vinaonyesha uso na kuajiri waigizaji wa kutia sauti. Marufuku iliondolewa Septemba 1994.

Ukianza msimu wa tatu, washa maandishi ya chini hata kama Kiingereza chako kimenyooka, kwa sababu lafudhi ya Derry inakwenda mbio na nusu ya utani umo katika maneno ya mwisho wa sentensi. Usiruke sehemu ya tano inayorudi 1977: inawaonyesha Mary na Sarah wakiwa na umri wa binti zao. Itazame kabla ya ile ndefu ya mwisho, usibadilishe mpangilio.